Tumbo la b

Mwanangu anaitwa Bodil, jina la bibi yake,
na kila Alhamisi, siku ya imla,
juu ya karatasi huandika, kwa herufi ndogo zote:
dobil.
Mwalimu humzungushia duara jekundu jina lake mwenyewe
kabla hata ya neno la kwanza.

Sisi ni waokaji, hapa Lemvig.
Saa tisa usiku taa yetu ndiyo pekee mtaani.
Novemba ile akaanza kushuka ngazi
na soksi zake za sufu, kimya.
Tumbo linauma, alisema. Kila usiku wa kuamkia Alhamisi.
Nililijua tumbo hilo.
Sikusema.

Tulimpeleka kwa daktari wa macho, Holstebro.
Macho mazima, akasema, huyu anamwona nzi ukutani.
Lugha yetu huliita jambo hili upofu wa maneno.
Bodil alifoka garini:
"Mimi si kipofu! Maneno nayaona.
Yenyewe ndiyo hayatulii."

Ndipo akaja Ragnhild, mwalimu mstaafu,
koti lake likinuka mbwa.
Hakuleta kitabu. Aliuliza: unga upo?
Akamwaga viganja viwili kwenye trei nyeusi,
akausawazisha.
"Andika kwa kidole. Ukikosea, pangusa.
Unga hauna wino mwekundu."

Neno la kwanza lilikuwa brød, mkate,
maana ndio uliokuwa ukinukia.
"Gonga meza kwa kila sauti."
Akagonga b. Akagonga r.
Kisha ø, midomo mviringo kama apulizaye uji.
Na ile d ya mwisho, ambayo kwetu haikazwi,
huyeyuka ulimini kama siagi.
"Hiyo d inadanganya," Bodil akasema.
"Haidanganyi. Inanong'ona."

Halafu Ragnhild akamwonyesha:
b ana kitambi, d ana kitambi,
wameketi ncha mbili za neno, wametazamana,
tumbo kwa tumbo, majirani wawili wenye njaa,
na wanachokitamani kiko kati yao.
Bodil akacheka mpaka unga ukaruka.
Akachora. Akapangusa. Akachora.
Mara ngapi, sikuhesabu. Nilikuwa na mikate tanurini.

Usidhani palikuwa na muujiza.
Desemba alirusha trei, ukuta ukawa mweupe.
Januari yalimtoka yote, hata mkate,
nami nikasema, kwa sauti niliyoichukia zamani
kinywani mwa mtu mwingine:
"Si ujitahidi basi!"
Ragnhild alinitazama kwa muda mrefu.
"Mtoto huyu," akasema, "anafanya kazi kuliko tanuri lako."

Alhamisi ya mwisho ya Februari akarudi na imla.
Maneno ishirini, makosa kumi na moja.
Lakini juu kabisa: bodil.
Herufi ya kwanza bado ndogo, haidhuru.
Majirani wametazamana,
na katikati yao o, andazi la mviringo.
"Nimo na mimi humo," alisema, "nimekaa mezani."

Usiku ule alishuka tena, tumbo haliumi,
akasukuma trei mbele yangu.
"Zamu yako."

Miaka arobaini na mitatu nimejificha.
Magunia nayatambua kwa rangi ya uzi,
vipimo viko kichwani,
barua huzisoma mke wangu, Lone,
kwa sauti, akijifanya anajisomea mwenyewe.
Nikafuta mikono kwenye aproni, polepole mno.
Nikaandika neno linaloning'inia juu ya mlango wangu.

Aliliinamia. Hakucheka.
"Baba," akaninong'oneza,
"tumbo linatazama mkate, au linatazama ukuta?"

Nikapangusa.
Kengele ya tanuri ikalia.
Niliiacha ilie,
mikate ikaungua kidogo pembeni.