Kabla ya Bati

Kamera ya shemeji haikujua tarehe:
picha mia tisa, zote mosi Januari.
Kompyuta ikazimwaga mbele yangu, Newala,
kama korosho kabla ya kupangwa madaraja.

Nikaanza na mikorosho. Hapa imechanua: Julai.
Hapa mabibo chini, mama kainama: Oktoba.
Zenye ukungu nikawa nafuta.
Somoe akanishika mkono: "Hiyo acha,
huo si ukungu, ni vumbi la ngoma."

Nikafungua folda mbili:
Kabla ya Bati,
Baada ya Bati.

Ikabaki moja, nyeusi ti.
Nikaiongeza mwanga, kidogo, tena kidogo:
nusu nyasi, nusu bati,
baba juu, misumari mdomoni,
anamcheka mpiga picha.

Hiyo sijaipangia.
Iko nje, peke yake,
ngazi bado imeegemea ukuta.