Mabegi ya Lita Hamsini

Tuliyanunua Ruwi, kwa Mmalabari asiyepunguza bei,
mawili, rangi ya kijani kibichi, yana kamba kila mahali,
nyingine mpaka leo hatujui kazi yake.
Mundhiri akalivaa lake sebuleni, akaizunguka meza ya kahawa.
"Hapa Lisboni," akasema. Akakanyaga ukingo wa zulia. "Hapa Praha."
Mama mkwe akauliza kwani huko kote hakuna hoteli,
hata watu wende na nyumba mgongoni kama makobe.

Barua ya ubalozi ilikuja Jumanne.
Karatasi moja, visanduku kumi na kitu,
na alama moja tu ya wino, kisanduku cha tatu:
uwezo wa fedha haukuthibitika.
Niliisoma mara mbili ndani ya gari, kiyoyozi kikinipuliza usoni,
nikasema neno ambalo sitaliandika hapa.

Lakini likizo ilikwisha sainiwa, siku kumi na mbili,
na mabegi yamekaa ukumbini yanatutazama
kama wageni waliokosa wa kuwakaribisha.
Tukapanda basi la Nizwa.

Kutoka Misfa njia inapanda kwa rangi zilizopakwa kwenye mawe,
njano, nyeupe, nyekundu,
njia ya punda, ngazi za watu waliokwisha kufa.
Mfereji wa falaji ulitusindikiza mpaka ukachoka.
Juu ya hapo ni jua na mbuzi.
Tuligombana kwa kiberiti. Tukagombana kwa kivuli.
Siku ya pili lengelenge la kisigino changu likapasuka
nami nikamwita bwege,
kwa Kiswahili, maana Kiarabu chetu ni cha kazini na cha sokoni,
ugomvi tumerithi ule wa bibi zetu.

Kwenye mgongo wa mlima tukakutana na wawili kama sisi,
pua zimebabuka, mabegi yameshonwa yakashonwa tena:
Annegret na mumewe, kutoka Leipzig.
Chupa zao zilikuwa kavu. Tukawapa maji.
Nikauliza, kwa Kiingereza changu cha benki, viza waliipataje.
Hawakunielewa. Viza?
Waliamua Alhamisi, Jumamosi wako Maskati.
Mundhiri akapiga goti, akawachorea njia vumbini kwa kidole,
hapa kisima, hapa msikate kushoto,
polepole, kama mtu anayedaiwa na vumbi lile.

Usiku ule hakula.
Jodari wa kopo akakaukia mdomoni mwa kopo.
"Rayya," akasema, "zile pesa za benki nilizitoa mimi."
Nikangoja. Upepo ukaliinua hema, ukaliketisha.
"Riali elfu mbili na mia nne. Mwezi wa tatu. Gari la Hilali.
Polisi walikwisha shika karatasi ya kaka yako.
Akaniapisha nisikwambie."

Nilikuwa na maneno.
Siku mbili nzima nimepanda nayo, nimeyakunja kama nguo,
makubwa chini, madogo juu, ya mwisho mfuko wa pembeni
ili yatoke haraka.
Nikapapasa. Hayapo.
Chini bondeni palikuwa na taa tatu, moja ikazimwa,
na mtu fulani huko, nadhani, akajifunika shuka
bila kujua kwamba tumemwona.

Alfajiri, yeye bado amelala mdomo wazi,
nikafungua zipu ya begi lake jino kwa jino,
nikatoa chupa mbili za maji na ile sufuria,
nikazitia kwangu.

Alipolinyanyua akasita. Akalitikisa. Akanitazama.
"Mbona jepesi?"

"Tembea," nikamwambia. "Praha mbali."