Jina Linalopita Upesi

Alhamisi, saa tatu na nusu usiku, muuaji akishakamatwa,
nyumba nyingine watu huinuka, hupiga miayo, husaka ndala.
Kwangu hapana. Kwangu, fundi Mwaluko wa Kibaigwa,
mlango wa karakana haufunguliwi
mpaka majina yapite.

Hupita mbio, kama lori la mahindi linalokwepa mizani:
mwenye taa, mwenye nywele, aliyewapikia wasanii,
kisha yeye, nusu sekunde, herufi nyeupe:
Damari Chilongani.
"Huyo!" hupayuka Ndahani, mpakia magunia,
utadhani shangazi yake kashuka kwenye basi.

Sura yake hatuijui. Tunaujua mkono wake.
Kwake mlevi hasemi uongo.
Kwake mwenye hatia ni mwepesi wa kukaribisha chai,
na Inspekta Tungaraza huhesabu vikombe
kabla hajauliza swali.

Alianza na vichekesho vya dakika kumi na tano,
kisha maiti moja, picha ikitetemeka,
damu yenyewe juisi ya rozela.
Tukamfuata.
Alipohamia stesheni ya kulipia tukachanga kifurushi,
mia tano mia tano, kwenye kopo tupu la rangi.
Mwaka wa tatu tamthilia ilirudi na wahusika wale wale,
ila wauaji walianza kuungama bila kuulizwa.
"Hayupo," akasema Mama Nyemo, katikati ya mchezo.
Majina yakapita.
Hakuwepo.

Mama Nyemo huuza karanga, hukalia kreti ya soda.
Mwanawe alitoka na pikipiki ya watu
kumpeleka abiria Pandambili.
Pikipiki ilionekana Gairo, imepakwa rangi nyingine.
Nyemo hakuonekana.
Faili likaenda Kongwa,
Kongwa wakasema liko Dodoma,
Dodoma wakamwambia, mama, njoo Jumatatu.
Ni Jumatatu ya mwaka wa sita.

Huyu Damari, tulisikia, aliwahi kuwa karani wa mahakama.
Labda ndiyo maana, kwake, faili likipotea
kuna mtu ataamka usiku kulitafuta,
atapiga magoti chini ya kabati, atapenga vumbi.
Mbio na risasi Mama Nyemo hakuzijali, alikuwa akimenya karanga.
"Fundi, ongeza sauti," husema,
"wanafungua faili."

Sasa Alhamisi iliyopita.
Tamthilia mpya, yake, sehemu ya mwisho.
Kijana, barabara ya vumbi, kiatu kimoja.
Tungaraza hayupo, kuna mpelelezi mwingine, mwanamke,
lakini naye akahesabu vikombe, tukacheka, tukakonyezana.
Akaingia kwa mama wa kijana. Akakaa.
Akanyamaza hadi nikadhani spika imekufa.
"Sijui," akasema. "Nimetafuta. Sijui."
Majina.

Karakana ikachafuka.
Kaishiwa huyu! Mjini wamemharibu!
Ndahani akadai mia tano yake, nikamrudishia, aende zake.
Nikasema labda kuna msimu wa pili,
ingawa mwenyewe nilijua hakuna.

Mama Nyemo alikuwa anakunja midomo ya pakiti
za karanga zilizobaki, moja moja, bila haraka.
"Yule," akasema, "amekaa kwenye kiti kabla ya kusema.
Mimi waliniambia nimesimama, dirishani."
Halafu akaniomba nimwandikie lile jina,
maana kwenye kioo halijawahi kumsubiri alisome.
Nikaliandika nyuma ya risiti ya redio, herufi kubwa.
Akalisoma kwa kidole, silabi kwa silabi,
akalitia kwenye pochi,
pale ilipo picha ya pasipoti ya kijana.

Asubuhi, nafagia, nikainua kopo la rangi.
Ndani mlikuwa na noti ya elfu moja:
mia tano yake ya wiki ijayo,
na ile ya Ndahani.