Msomaji wa Mita

Miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji,
Kaloleni, Makongeni, Jericho, hadi ukingo wa Dandora,
nikiinua vifuniko vya chuma kwa ndoano,
nikipuliza buibui, nikipangusa kioo kwa kidole gumba,
nikiandika tarakimu. Jina sikuandika.
Nyumba ilikuwa namba, na namba ilikuwa deni.

Leo mimi ni sifuri mbili mbili saba.
Sista Jebiwott ananibandika nyaya kifuani,
jeli baridi kama tumbo la chura;
mashine inatema karatasi ndefu ya vilima
naye anaisoma bila kunitazama usoni.
Simlaumu. Jicho hilo nalijua. Lilikuwa langu.

Wahenga walisema moyo wa mtu ni kichaka.
Changu nimekiona kwenye kioo,
mrija umepenya kifundo cha mkono ukapanda hadi humo:
matawi meusi ya kiangazi,
na kijito kimoja kimekonda penye kona.
Sabini kwa mia, wakasema, kimeziba.
Nikawaambia, bomba la nusu inchi likiota chokaa
sisi tulikuwa tukilikata, tukaweka jipya.
Daktari Mulwa akacheka, kisha akaacha kucheka.
Akanieleza kuhusu utafiti.
Watu mia nne, miaka mitatu.
Nusu watameza dawa,
nusu watameza kitu kilichovaa shati la dawa.
Kura inapigwa na kompyuta, mbali huko.
"Hata mimi sitajua umepata kipi," akasema,
na kwa mara ya kwanza nikamwamini daktari.

Karatasi za idhini zilikuwa kumi na nne.
Nilizisoma zote, hadi chai ya Sista ikapoa.
Ukurasa wa tisa:
*waweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu.*
Nikapiga mstari hapo.
Tulipokata maji
hatukumpa mtu ukurasa wa tisa.

Nyumbani, Kwamboka hakuelewa, au alielewa upesi mno.
"Yaani kila asubuhi huenda unameza unga wa chapati?"
Akachukua kidonge, akakisaga kwa mgongo wa kijiko,
akaonja kwa ncha ya ulimi.
Kichungu.
"Hii ni dawa," akasema, akaosha vyombo akiimba.
Sikumwambia
kwamba vyote vimetiwa uchungu, vya kweli na vya bandia.
Ila Sista nilimwambia, maana vidonge huhesabiwa,
naye akaandika: kimoja, kimepotelea jikoni.

Kwenye benchi la Jumanne nilikaa na Thairu,
sifuri mbili tatu moja, mshona viti vya magari wa Kariobangi.
Alijua kabisa anapata ya kweli.
"Juzi nimepanda ngazi za Wakulima na gunia la viazi!"
Nami nikajua kabisa, kwa wivu, kwamba yangu ni unga.
Mwezi wa saba benchi likawa pana.
Nikamuuliza Daktari: alikuwa upande upi?
Akafungua mikono, mitupu.
Bahasha haifunguliwi kwa ajili ya mtu mmoja.
Hata kifo cha Thairu kiliingia humo kimefungwa,
kikasubiri wenzake wahesabike.

Sikujitoa.
Nilirudi ukurasa wa tisa mara mbili, nikaufunga.

Usiku wa mgao maji huja saa tisa.
Bomba hukohoa kwanza, hukohoa tena,
linatema kutu, linatema hewa,
Kwamboka anaamka kukinga mitungi gizani.
Mimi nalala kwa ubavu wa kushoto, vidole viwili kwenye kifundo,
nasoma.
Sitini na nane. Sitini na sita.
Natafuta kalamu chini ya mto, naandika kwenye daftari la zamani,
safu ileile ya *usomaji wa sasa*.
Safu ya pili, ya *sababu*, naiacha wazi.
Kwamboka ananiita nishike mtungi,
na mimi, sijui ni kwa nguvu za nani,
naamka, naushika.