Kambi ya Viwanja Saba

"Tunaenda kambini," nilimwambia Mama kwenye simu.
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.
"Kumetokea nini?"

Neno ni lilelile, Kiswahili hakikutupa jingine.

Etabo ndiye aliyetuburuta. Ana miaka minane,
kazaliwa Missoula, na darasani kwake
kila mtoto ana hadithi ya dubu.
Yeye ana za mashine za kufulia mashuka ya hospitali,
na hizo ni zangu.
Basi nikaomba ruhusa ya siku tatu,
nikaazima hema kwa Wilondja wa zamu ya usiku,
tukafuata bonde la Bitterroot hadi lami ikachoka,
kisha changarawe, kisha mashimo.

Viwanja saba tu, na pampu ya mkono
inayokohoa kutu kabla ya kutoa maji.
Dola kumi na mbili kwa usiku: unazitia kwenye bahasha,
bahasha unaidumbukiza kwenye tundu la chuma,
hakuna anayekuangalia ila misonobari.
Mama aliisoma bei kwa kidole.
"Tunalipa? Kulala kwenye hema?"
Akacheka mpaka akatafuta jiwe la kukalia.
Miaka kumi na minne Nyarugusu
tulilala chini ya turubai bila kudaiwa senti,
na hakuna siku aliyoiita likizo.

Akalikagua hema langu. Akavuta kamba, akaguna,
aking'oa kigingi kimoja kimoja
na kukipigilia upya, kichwa kikilalia nje.
Halafu akachukua mfuniko wa sufuria
akaanza kuchimba mfereji kulizunguka,
kina cha vidole vinne, ukielekea mtoni.

Akaja mtunza kambi, mzee Waltrip,
na mbwa wake wa miguu mitatu.
"Samahani, mama. Hapa hairuhusiwi kuchimba."
Nilitafsiri nikitazama viatu vyangu.
Akaufukia kwa kiganja, polepole,
akaacha ule upande usioonekana kutoka njiani.

Nyuma ya kiwanja cha saba njia inaingia porini,
pori lenye sheria: si gari, si msumeno wa injini,
hata baiskeli marufuku.
Etabo akamsomea bibi yake kibao
kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
hapa mtu ni mgeni, anapita, hakai.
Mama akaitazama milima,
theluji ya Julai imeng'ang'ania nyufa.
"Mgeni siku mbili," akasema. "Ya tatu je?
Jembe la kumpa hawana?"

Usiku wa pili ikanyesha.
Niliamka nikamkuta ameketi gizani,
mkono mmoja umeshika ufito wa hema,
ufito wa alumini usiohitaji kushikwa.
Sikumwambia.
Nje maji yalipita upande ule aliouacha
kama yaliyoelekezwa na mwenyeji.
Etabo alikoroma. Mkate na samaki wetu
vilifungiwa kwenye kasha la chuma
kwa ajili ya dubu ambaye hakuja,
na ambaye Septemba, darasani,
atakuja mara mbili.

Asubuhi ya tatu Waltrip akafika na ndoo na sepeto.
Aliuona mfereji. Akamtazama mbwa.
Moto, akaeleza, hauzimwi kwa kuupa kisogo:
mimina maji, koroga, gusa.
Kama huwezi kuligusa jivu, huwezi kuondoka.
Akamnyooshea Mama mpini.

Mama akanigeukia kwanza
na jicho lile la sokoni, bei ikikubalika.
Akakoroga kama anayesonga ugali wa matanga,
akapiga goti, akazamisha mkono
mpaka kwenye kifundo.

"Limepoa," akasema.
Ila mkono hakuutoa mara moja.
Etabo alishafunga mkanda garini,
akapiga honi.