Kadi za Chumba cha Chini

Miaka thelathini na mmoja nilishika ufunguo.
Aliyeuliza nilimjibu: kumbukumbu ziko wazi,
ni mali ya umma, karibu Jumanne,
saa tatu hadi saa tano,
njoo na kitambulisho na hela ya nakala.
Sikusema uongo. Mlango ulikuwa wazi
kama jicho la samaki sokoni:
limefumbuka, halioni.

Kadi elfu kumi na nne, nyumba moja kadi moja,
mwandiko wa mafundi waliokwisha kufa,
wino umefifia kama chai ya maji ya pili,
na penye aina ya bomba, neno lililokatwa:
shab., chum., ris.

Risasi. Ile isiyo na mlio,
inayosafiri polepole ndani ya maji ya uji.

Januari, Ziwa Michigan limeganda hadi gatini,
akaja Pa Houa Lor, theluji mabegani,
mkononi karatasi ya kliniki:
damu ya Tou, mwanawe wa miaka miwili,
na tarakimu moja iliyozungushiwa wino mwekundu.
Hakuuliza saa za kufungua. Aliuliza,
"Bibi, ni nyumba ngapi?"
Na mimi mtunza kumbukumbu sikujua.
Hakuna aliyewahi kuzijumlisha.

Tukazipiga picha, kadi kwa kadi,
kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Vijana wa maktaba wakachapa, mimi nikawasomea
mwandiko wa fundi Grzelak,
saba yake kama moja iliyolewa.
Ziwa likayeyuka, tungali herufi ya M.

Sasa andika mtaa, andika namba,
jibu linafika kabla hujameza mate.
Na kwa ajili ya mzee Ignacy, asiye na simu,
tumebandika orodha kwenye ukuta wa dobi,
kati ya bei ya sabuni na tangazo la paka aliyepotea.
Jana nilimwona akifuata mistari kwa kidole.
Kidole kikasimama. Akavua kofia.

Kadi ya nyumba yangu haikuwemo.
Miaka yote ile sikuwahi kuitafuta.
Usiku nikashuka na tochi, nikalikwaruza bomba
kwa ufunguo ule ule, ambao ofisi ilisahau kunidai.
Likang'aa, jeupe, laini,
kama jino la mtoto.

Nikaketi. Nikaandika mtaa, nikaandika namba,
nikaandika ris.
Nikafuta.
Nikaliandika neno zima.