Deni la Betri Nne

Hamilton, mwezi wa pili. Kiwanda cha chuma kilichofungwa
leo ni mji mkuu wa nchi isiyo na jina.
Wamekuja na malori sita ya mchanga,
wameumwaga juu ya theluji, wakausawazisha kwa reki,
na migomba ya plastiki imefungwa kwa waya
isije ikapaa na upepo wa ziwani.
Mimi ni jenerali. Mwezi uliopita nilikuwa dereva wa teksi.
Kabla ya hapo nilikuwa maiti, nikapiga chafya,
wakaanza upya.

Miaka kumi na moja, Bi Mwanamvua.
Majina yanapopanda mwishoni kama sisimizi ukutani
nitafute huko chini, jirani na wapishi:
Mlinzi wa Pili. Mgonjwa. Mtu Sokoni.
Shekalaghe halikukaa vinywani mwao;
wakala akalikata, nikabaki Sheka.

Kuna bibi wa kunifunza lafudhi,
mzaliwa wa Saskachewani, bahari hajaivuka.
Anashika koo lake, ananionyesha
Mwafrika anavyoitamka R.
Namwigiza. Bado kidogo, anasema, utafika.
Nami nilikotoka ndiko huko anakonielekeza.

Kisha mwongozaji, kijana mpole wa kofia ya sufu:
Hapa jenerali anawatisha mateka.
Sema chochote kwa lugha yenu,
maana yake tutaiandika chini.

Sema chochote!
Miaka kumi na moja napimiwa maneno kwa kijiko,
ndiyo bwana, gari liko tayari,
leo nafunguliwa ghala zima
naambiwa beba.

Taa zikawaka. Nikainua bunduki ya mpira.
Mateka alikuwa mwanafunzi wa chuo,
anatetemeka kwa baridi, na kamera haijui tofauti.
Nikanguruma:

Bi Mwanamvua binti Kombo, duka la kona, Muheza!
Usidhani nimesahau!
Betri nne za redio, kwa mkopo, mwaka ule wa mvua,
nikaondoka sijalipa!
Kwa betri zile nilisikiliza michezo kila Jumatano,
nikajifunza kulia bila kitunguu,
kubisha hodi mlango usiokuwepo!
Nitalipa! Wallahi nitalipa!

Nikapiga tatu hewani.
Kimya. Hata wapaka poda wamesimama.
Bibi wa lafudhi anafuta macho:
Sasa, anasema, sasa umeipata.

Chini ya uso wangu waliandika:
CHOMENI KIJIJI CHOTE. ASIBAKI MTU.

Hapa haikuvuma. Niliitazama Jumanne mchana, nusu bei,
tulikuwa tisa ukumbini, mmoja amelala.
Lakini filamu ni mbegu ya mpapai, haichagui jalala.
Mwaka wa pili ikaota Muheza, katika banda la video,
na yule mfasiri wa banda,
anayemsemea kila mzungu kwa kipaza sauti,
siku hiyo, naambiwa, alikiweka chini.
Hakuwa na la kutafsiri.
Watu wakatoka mbio kwenda dukani kwako.

Ujumbe ulinikuta kituo cha basi, mtaa wa Barton,
vidole vimekufa ganzi, nausoma kwa pua karibu:

Hoza mwanangu, nimekusikia.
Watoto walinishika mkono hadi bandani.
Sauti imekukomaa. Bunduki haikufai.
Betri zilikuwa sita, si nne.
Mbili nakusamehe.

Basi likaja. Nikalipa nauli, nikakaa nyuma,
nikahesabu vituo na betri kwa pamoja.
Nne za redio, naam. Na mbili?
Tulipofika darajani ndipo nikakumbuka tochi:
nyumba imelala, nimesimama mbele ya kioo cha kabati,
nimejimulika usoni kutoka chini,
nangoja mtu aniambie anza.